Daftari la Alama

Jumapili, saa kumi ikishapita,
nyuma ya mivinje ya Mambrui, pale mchanga ulipojikunja
kama mgongo wa mtu aliyenuna,
mimi hukaa juu ya kreti ya soda
na daftari la kurasa tisini na sita
na kalamu iliyofungwa uzi, maana washindi ni wezi wa kalamu.

Walinichagua kwa sababu mbili:
sipandi pikipiki, sishiki bunduki.
Ya tatu hawakuitamka: wote wanadaiwa mabajia.

Ngumbao ni fundi wa mafriji. Wiki nzima
husikiliza gesi inayovuja, kichwa upande,
mpole kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa.
Lakini akishavaa ile helmeti yenye ufa,
na ndimi za moto alizozichora kwa rangi ya kucha ya mkewe,
hashikiki:

*Mimi ndiye ruka-tuta, mchanga wanitambua,*
*Nikikanyaga mafuta, mwewe hana pa kutua,*
*Wewe bunduki wakita, waua kisichokua,*
*Hata bata akipita, kwako hatajisumbua!*

Twalib ana duka la rangi na misumari kule Barani.
Kibali cha bunduki yake ya marisau amekitia plastiki,
humwonyesha kila mpita njia, na siku moja mbuzi.
Hufuta mtutu kwa kitambaa cha miwani,
polepole, hadi kicheko kiishe, kisha:

*Pikipiki ni kelele, shabaha ndiyo heshima,*
*Waruka kama mchele, ungoni warudi nyuma,*
*Kigae kipae mbele, hakishuki kikahema,*
*Tangu enzi, na milele, sikosi nikisimama!*

Mimi naandika. Vigae ishirini na tatu kwa ishirini na tano.
Mruko mmoja, hatua kumi na moja, alizozihesabu mrukaji mwenyewe.

Jumatatu kwa kinyozi, hatua ni kumi na nne.
Alhamisi sokoni, kwenye meza za papa mkavu,
nasikia ishirini,
na mto Sabaki umeshaingia katikati.
Ijumaa, watu wakivaa viatu nje ya msikiti,
vigae vimefika thelathini kwa thelathini,
kukiwa na kusi kali, jua la uso,
na jicho moja, wallahi, lina mchanga.

Jumapili iliyopita walipoondoka
nilibaki. Nilikuwa natafuta kifuniko cha chupa yangu ya chai.
Nikafuata alama za tairi, nikazipima kwa miguu yangu,
na miguu yangu ni midogo:
tisa.
Halafu, chini ya kichaka, kigae.
Kizima. Rangi ya machungwa, hakina hata mkwaruzo.
Ndicho kile Twalib aliapa kimekuwa unga,
nami nilitia alama ya vyema
kwa sababu jua lilikuwa machoni mwangu pia
na nilitaka kwenda nyumbani.

Sikusema neno.
Jumatatu asubuhi nilikiweka juu ya meza ya kibanda,
nikakifanya kisahani cha chupa ya pilipili.

Wakaja pamoja, kama kawaida, huku wakibishana.
Twalib akanyoosha mkono kuchukua pilipili.
Akaacha kutafuna.
Ngumbao akakiona. Meno yote thelathini na mbili yakatoka nje,
akavuta pumzi ya kuitangazia Malindi nzima,
nami nikageuza bajia kwenye karai, nikasema kama mtu anayeyahesabu mafuta:
"Tisa."
Mdomo wake ukafunga.

Tulisikia karai tu kwa muda.

Walilipa. Hata deni la Machi,
hata lile la chapati walilolikana mbele ya mume wangu.
Nilipoinama kwenye kopo kutafuta chenji
nikasikia nyuma yangu, kwa sauti ya chini:

"Lakini upepo wa jana, yakhe, uliuona?"

"Upepo? Mimi niliruka ukinipiga kifuani."